Chambo Kizamacho na Sangara Asiyeweza Kurudi Chini

Katika mijadala inayohusu uvuvi wa Ziwa Victoria, nyavu hulaumiwa na ndoana husifiwa. Kokoro, tunaambiwa, hukomba vifaranga na wazazi kwa pamoja, na wavu wenye macho madogo haumbagui yeyote. Lakini ndoana humchukua samaki mmoja mmoja, tena yule aliyeifuata mwenyewe. Na katika ndoana zote, inayopewa heshima kubwa kuliko nyingine ni ile iliyofungwa kwenye chambo bandia kizamacho, yaani kile kisamaki cha mti au cha plastiki chenye ulimi puani, ambacho wageni hukikokota nyuma ya mashua wakimtafuta sangara mkubwa ili wampige picha na kumrudisha majini. Uvuvi huo huitwa uvuvi safi. Husemwa kuwa huingiza fedha za kigeni pasipo kupunguza hata samaki mmoja ziwani.

Mimi naona kwamba sifa hiyo ni ya kweli nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki inategemea swali ambalo ni nadra kuulizwa: chambo hicho kilizama hadi kina gani?

Kabla sijaendelea ni vyema nikiri kwamba mimi ni mpenzi wa chombo hiki. Sijui chombo kingine chenye bei ndogo kiasi hicho ambacho ndani yake mna elimu nyingi ya fizikia na ya tabia za viumbe. Wala hakikuzaliwa katika maabara. Mtu anayetajwa zaidi katika historia yake ni Lauri Rapala wa Ufini, mvuvi maskini aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1974, ambaye maisha yake yalitegemea samaki wa ziwa Päijänne. Chambo hai kilimgharimu muda mwingi, kwani kila baada ya samaki kumeza ilimbidi atafute kingine. Akiwa ndani ya mtumbwi wake alizoea kuwatazama samaki wawindaji jinsi wanavyolivamia kundi la visamaki, akagundua kwamba mwindaji hamrukii yeyote tu: humchagua yule anayekwenda upogo, anayeyumba kidogo kana kwamba amejeruhiwa. Mnamo mwaka 1936 alichonga kisamaki kutokana na kizibo kwa kisu cha fundi viatu, akakisugua kwa msasa, akakifunika kwa karatasi ya bati iliyofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu za picha na kukipaka. Kisamaki hicho kiliyumba sawasawa na yule mgonjwa wa kundini. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani lilipoandika habari zake, vyambo vya Rapala vikajulikana ulimwenguni, na leo vimo katika masanduku ya wavuvi wengi wa burudani wanaofika katika maziwa yetu.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba uchunguzi wa kisayansi huanza pale penye darubini. Mvuvi wa migonzo anayejua ni chambo gani cha furu au mumi kitamvuta sangara usiku wa mbalamwezi, au yule wa Mafia anayerambaza nguru na jodari kwa manyoya na vipande vya plastiki, anafanya uchunguzi wa namna ile ile. Tofauti ni kwamba hajaandikwa.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kikiwa kimetulia, chambo hiki huelea, kwa sababu mwili wake ni mwepesi kuliko maji. Kinapovutwa, maji hugonga ule ulimi ulioinama na kuusukuma chini, na pua ya chambo hufuata. Ulimi mfupi uliosimama karibu wima hukizamisha kidogo. Ulimi mrefu uliolala karibu sambamba na mwili hukizamisha sana. Maji yanayopita kwenye kingo za ulimi hayapiti kwa utulivu bali hujikunja na kufanya vizingia vidogo, mara upande wa kushoto, mara wa kulia, na kila kizingia kinapokatika hukivuta chambo upande wake. Hapo ndipo unapotoka ule mtikisiko wa mara kadhaa kwa sekunde ambao Rapala aliutafuta kwa kisu.

Wengi hudhani kwamba ukiongeza mwendo wa mashua chambo kitazama zaidi na zaidi. Sivyo. Nguvu inayousukuma ulimi chini hukua pamoja na mraba wa mwendo, lakini ukinzani wa maji juu ya mshipi, ambao hukivuta chambo kurudi juu, nao hukua kwa kadiri hiyo hiyo. Hivyo mwendo ukishatosha kuushinda wepesi wa mti, kina hukaribia kikomo chake na kubaki hapo, na mwendo ukizidi mno chambo hupinduka na kutoka majini kama mlevi. Kinachobadilisha kina kwa hakika ni umbo la ulimi, urefu wa mshipi uliotolewa, na unene wake. Mshipi mwembamba hukata maji kwa urahisi. Mshipi mnene hukining'iniza chambo juu. Mvuvi anayebadilisha mshipi wake kutoka mwembamba hadi mnene amekwisha kubadilisha kina, hata kama chambo ni kile kile na mashua ni ile ile.

Samaki naye hukitambuaje? Jicho lina kazi yake, na sangara ana macho makubwa yang'aayo ambayo humfaa katika mwanga hafifu. Lakini maji ya Ziwa Victoria si yale ya zamani. Miani imeongezeka kiasi kwamba katika ghuba nyingi kisahani cheupe kinachoshushwa kwa kamba hupotea machoni kabla hakijafika mita 2. Katika ukungu huo mwindaji hutegemea pia ule mstari uendao ubavuni mwake kutoka shingoni hadi mkiani, ambao ndani yake mmepangwa viungo vidogo vyenye vinyweleo vya kuhisi mwendo wa maji. Mtikisiko wa polepole, wa aina ile inayotolewa na samaki anayeyumba, hufika hapo kabla umbo halijaonekana. Kwa hiyo chambo kizamacho humfikia sangara kama sauti kwanza na kama sura baadaye. Tukumbuke pia kwamba sangara hula wenzake. Baada ya furu kupungua sana katika miaka ya 1980, chakula chake kikubwa kilikuwa dagaa, uduvi na watoto wa sangara wenyewe. Basi chambo kilichopakwa rangi ya sangara mchanga si kichekesho hata kidogo.

Hadi hapa ni sifa tupu. Shida huanza pale ambapo mvuvi, akiisha kujua kwamba sangara wakubwa hukaa kandokando ya miamba iliyozama, hufunga chambo chenye ulimi mrefu kuliko vyote, au huongeza risasi kwenye mshipi, ili kiwafuate huko huko chini.

Sangara, kama walivyo samaki wengi wa ukoo wake, ana kibofu cha hewa kilichofungwa. Hiki ndicho bondo, ambalo wachuuzi wa Mwanza hulijua kwa bei yake kuliko kwa kazi yake. Kazi yake ni kumwezesha samaki kukaa katika kina fulani bila kuzama wala kuibuka. Kambare anaweza kumeza hewa na kuitoa. Wale samaki wenye meno marefu wa jenasi Hydrocynus wa mito yetu na wa Ziwa Tanganyika wana mfereji unaounganisha kibofu na koo, hivyo wakivutwa juu kwa haraka hucheua hewa iliyozidi. Sangara hana mfereji huo. Hewa ya bondo lake huingia na kutoka kupitia damu tu, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mshipi humleta juu kwa dakika chache.

Kila mwanafunzi wa sekondari ameifunza kanuni ya Boyle: mgandamizo ukipungua kwa nusu, ujazo wa hewa huongezeka mara mbili. Vitabu husema kwamba katika mita 10 za maji mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Lakini vitabu hivyo huandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, takriban asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba samaki wetu anayevutwa kutoka mita 10 huona hewa ya bondo lake ikipanuka zaidi kidogo ya mara mbili, na kutoka mita 20 zaidi ya mara tatu. Ilhali anayevutwa kutoka mita 3 huongezewa kama theluthi moja tu. Bondo lililotanuka husukuma matumbo, hukandamiza mishipa ya damu, na mara nyingine hulitokeza tumbo la chakula mdomoni. Na hata pale ambapo hakuna kilichopasuka, samaki huyo amekuwa boya. Hawezi kurudi chini.

Haya sikuyasoma kitabuni tu. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika mashua iliyokuwa ikirambaza karibu na kisiwa kimoja cha kusini mwa ziwa. Wageni walikuwa watu wema, wenye adabu, na kiongozi wao alijivunia kwamba katika msimu mzima hajaua samaki. Mchana alinaswa sangara mwenye urefu wa sentimita 120 hivi, kwenye chambo cha ulimi mrefu kilichotiwa risasi. Alipigana kwa muda, kisha akaacha ghafla, nami nikaona tumbo limevimba kabla hajafika ubavuni mwa mashua. Walimpima, wakampiga picha, wakamshusha majini kwa mikono miwili, wakapiga makofi. Samaki alijaribu kuzama mara mbili au tatu, mkia ukipiga maji, kisha akageuka na tumbo lake likabaki juu jeupe. Mashua yetu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilipotazama nyuma niliona mtumbwi wenye watoto wawili ukipigwa makasia kwa bidii kumwendea. Kiongozi alisema, "Yule tumemwachia," akaandika hivyo katika daftari lake.

Watoto wale hawakufanya kosa lolote, afadhali alivyoliwa. Kosa ni lile daftari. Samaki yule aliandikwa kuwa hai.

Tena tusisahau ni samaki yupi. Katika ziwa hili madume ya sangara hukomaa mapema na hubaki madogo. Samaki waliopita mita moja karibu wote ni majike. Jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa sababu hiyo nchi tatu zinazolizunguka ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, zilikubaliana juu ya kanuni ya urefu: sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, aliye chini ya hapo aachwe akue, na aliye juu ya hapo aachwe azae. Utekelezaji wake haukuwa sawa katika kila nchi na kila wakati, lakini hoja iliyo ndani yake ni nzito. Sasa, chambo kikubwa kikokotwacho chini kando ya miamba humchagua samaki gani? Samaki humeza kile kinachoingia mdomoni mwake, hivyo chambo cha sentimita 18 hakimwiti kinda. Humwita mama. Mgeni hakuja kutoka Ulaya kutafuta sangara wa kilo 2.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba mashua za wageni ni chache, na kwamba majike wachache wanaokufa kwa picha ni tone ukilinganisha na shehena zinazopelekwa viwandani na biashara ya mabondo yenyewe, ambayo imewafanya sangara wakubwa kuwa na thamani mpya ya kutisha. Ni kweli. Nisingependa mtu yeyote asome makala haya akadhani kwamba wageni wenye fimbo za kuvulia ndio wanaolimaliza ziwa. Lakini hoja ya uchache haiwezi kugeuzwa kuwa hoja ya usafi. Anayesema "sipunguzi hata mmoja" ametoa kauli ya kisayansi, na kauli ya kisayansi hupimwa. Aidha, kama mvuvi wa Ukerewe anaambiwa amrudishe jike la sentimita 95 lililoingia katika migonzo yake, na huku anamwona mgeni akimwachia jike kama hilo likielea tumbo juu, atakuwa na kila sababu ya kudhani kwamba kanuni imetungwa kwa ajili ya kumwonea yeye.

Wengine watasema kwamba dawa ni kulitoboa bondo kwa sindano. Naipinga kwa mikono ya wasiofunzwa. Sindano ikikosea sentimita chache hupita kwenye ini au figo, na samaki akienda zake mvuvi hajui amemponya au amemmaliza. Iko njia nyepesi zaidi, inayotumiwa na wavuvi wa samaki wa miamba huko Australia na Marekani: samaki hurudishwa chini kwa uzito. Hufungwa jiwe au risasi kwenye ndoana iliyoondolewa kile kijino cha ndani, ndoana ikapachikwa kwenye ngozi ya mdomo, naye akateremshwa. Anapofika chini mgandamizo hulirudisha bondo katika ujazo wake, na mvuto mmoja wa kamba humwachia. Kinachotakiwa ni kamba, jiwe na subira ya dakika tatu. Sijaona mashua yenye kifaa hicho katika safari zangu zote za upande wetu wa ziwa.

Lakini lililo bora kuliko kuponya ni kutomvuta kutoka chini. Nashauri kwamba mahali popote ambapo sangara huvuliwa kwa ajili ya kuachiwa, kama vile pembezoni mwa hifadhi ya Rubondo, ruhusa ya uvuvi itaje kina cha chambo, si idadi ya ndoana tu. Chambo kisichopita mita 3 au 4, kisicho na risasi, chenye ndoana moja moja isiyo na kijino badala ya zile za makucha matatu. Mvuvi hatapoteza kila kitu kwa hilo. Alfajiri na jioni sangara hupanda kuwinda kwenye maji mafupi ya mawe. Na katika miezi ambayo maji ya ziwa hujigawa matabaka, tabaka la chini hupungukiwa oksijeni, na sangara, ambaye havumilii upungufu huo, hulazimika kukaa juu yake. Ni katika Juni na Julai hivi, upepo wa kusini-mashariki unapoyachanganya maji, ndipo anapokuwa huru kwenda chini sana. Anayejua kalenda hiyo hana haja ya ulimi mrefu.

Kupima kina cha chambo hakuhitaji mitambo. Tafuta mahali ambapo sakafu ya ziwa inapanda taratibu kuelekea ufukoni, uipime kwa kamba yenye mafundo na jiwe, kisha kokota chambo kutoka penye kina kuja nchi kavu kwa urefu wa mshipi utakaoutumia. Pale kitakapoanza kugonga chini, ndipo kina chake. Kwa kuwa huelea, kikinasa kwenye jiwe legeza mshipi nacho mara nyingi kitarudi nyuma na kuibuka chenyewe.

Nilifanya kipimo hicho mwaka jana pamoja na fundi mmoja wa mitumbwi, mtu asiyependa kupoteza maneno. Alikuwa amechonga vyambo kutokana na ambatch, ule mti wa majini, Aeschynomene elaphroxylon, ambao ni mwepesi kama kizibo na ambao wavuvi wa maziwa ya Afrika wameutumia tangu zamani kwa maboya. Ulimi aliukata kutoka ndoo ya plastiki iliyovunjika, na vitundu vya kufungia mshipi vilikuwa waya wa baiskeli. Kisamaki cha kwanza kilikwenda kushoto daima. Nikamweleza kwamba kile kitundu cha puani kipindwe kidogo upande wa kulia. Akakipinda kwa koleo, kikanyooka. Cha pili kilikuwa na ulimi mrefu na kiligonga sakafu penye mita 6. Nikamwomba aufupishe. Alinitazama kwa mashaka, akasema wateja wake wote wanataka virefu, kisha akaukata kwa kisu cha moto hadi ukabaki nusu, akausawazisha kwa msasa. Tulipokikokota tena kiligonga penye mita 3 kasoro kidogo. Jioni ile, kandokando ya mawe, kilimnasa sangara wa sentimita 62, ambaye kwa kanuni ya urefu ni halali kabisa kuliwa, nasi tulimla kwa ugali wa muhogo.